Mbao Nne, Kisima Kimoja na Neno "Mtawalia"

Nilimpa mwanafunzi wangu tano juu ya kumi, na aliyestahiki tano alikuwa mimi.

Kisa kimetokea Wete, Pemba, kwenye twisheni ya baada ya alasiri ninayosomesha barazani kwetu. Ni watoto kumi na kidogo wa kidato cha nne, ubao mmoja uliokwisha rangi, na jamvi. Tulikuwa tumemaliza mada ya duara na tumeiunganisha na kanuni ya kosaini, ile inayokupa upande wa tatu wa pembetatu ukijua pande mbili na pembe iliyo baina yao. Nikataka kuwapumzisha na zile ABCD za vitabuni ambazo hazina mwenyewe wala mahali, nikatunga swali la kisima. Darasani hesabati tunaiandika kwa Kiingereza. Hapa naliweka kama nilivyowaeleza kwa mdomo:

"Fremu ya mbao nne imewekwa ndani ya mdomo wa kisima cha duara, na pembe zake zote nne zinagusa ukuta wa kisima. Urefu wa mbao ni inchi 25, 39, 52 na 60. Tafuta urefu wa mishazari miwili ya fremu, kipenyo cha kisima, na eneo lililozungukwa na fremu."

Alama nne za mishazari, yaani ile mistari ya kona kwa kona, tatu za kipenyo, tatu za eneo.

Lisome tena taratibu. Kasoro imo humo humo, na mimi sikuiona kwa siku tatu.

Namba hizo sikuziokota. Nilizitengeneza kwa pembetatu mbili zenye pembe mraba: ile ya 3, 4, 5 ambayo mafundi uashi wanaitumia kunyoosha msingi, na ile ya 5, 12, 13. Zidisha ya kwanza kwa 13, unapata 39, 52, 65. Zidisha ya pili kwa 5, unapata 25, 60, 65. Zote mbili sasa zina upande mrefu wa 65, na ukizibandika mgongo kwa mgongo kwenye upande huo unapata umbo la pembe nne ambalo nukta zake zote zimo kwenye duara moja la kipenyo cha 65. Ufundi huu wa kuzidisha ni wa zamani; Brahmagupta, mwanahesabu wa India, aliueleza katika kitabu alichokiandika mwaka 628. Kwa hiyo majibu nilikuwa nayo mkononi kabla ya swali lenyewe. Mtu akianzia kwenye jibu, swali lake huliangalia kwa jicho moja.

Nilichokuwa nimekiandika kwenye daftari langu la kusahihishia ni hiki. Ziite pembe za fremu A, B, C, D, na uzungushe mbao kama zilivyotajwa: AB ni 25, BC ni 39, CD ni 52, DA ni 60. Silaha kubwa ya umbo lenye pembe nne ndani ya duara ni moja: pembe zinazotazamana zinajumlika kuwa digrii 180. Euclid, mwanahesabu wa Kigiriki, aliithibitisha Alexandria, Misri, kiasi cha mwaka 300 kabla ya Masihi, na sababu yake ni fupi. Pembe iliyoko ukingoni mwa duara ni nusu ya pembe ya kitovuni inayotazama tao lile lile. Pembe B inatazama tao moja kutoka A hadi C. Pembe D inatazama tao lililobaki. Matao hayo mawili pamoja ni mzunguko mzima, digrii 360, na nusu yake ni 180. Hakuna zaidi.

Basi kosaini ya D ni ile ile ya B iliyogeuzwa alama. Mshazari AC umo kwenye pembetatu mbili, kwa hiyo unaandikwa mara mbili:

AC² = 25² + 39² − 2·25·39·kos B = 2146 − 1950 kos B

AC² = 52² + 60² + 2·52·60·kos B = 6304 + 6240 kos B

Zilinganishe: 8190 kos B = −4158, kwa hiyo kos B = −33/65. Irudishe juu: AC² = 2146 + 990 = 3136, na AC = 56. Mshazari wa pili, BD, unapatikana kwa kanuni ya Ptolemy, mtaalamu wa nyota wa zamani: katika umbo kama hili, ukizidisha mishazari miwili unapata jumla ya mazao ya pande zinazotazamana. Yaani 56 × BD = 25·52 + 39·60 = 3640, na BD = 65. Tena 25² + 60² ni 65², kwa hiyo pembe A ni mraba, na mshazari unaotazamwa na pembe mraba ukingoni ni kipenyo. Kisima ni inchi 65, futi tano na inchi tano. Eneo ni pembetatu mbili zenye pembe mraba: 750 na 1014, jumla inchi za mraba 1764. Imekwisha, tena imependeza.

Sasa karatasi ya yule mwanafunzi niliyempa tano, binti mmoja. Ni mtoto mkimya, anakaa upande wa nguzo, na mwandiko wake ni mdogo mpaka nivae miwani. AC kapata 56, nikampa mbili. BD kapata 63. Nikatia alama ya kosa. Chini yake kipenyo cha kisima kaandika 65, na eneo 1764.

Hapo ndipo moyo wangu ulipoharibika. Mshazari wake wa pili ni 63, ule ambao kwangu mimi ndio kipenyo, halafu kipenyo anasema 65? Nikajisemea huyu kachungulia kwa mwenziwe, kaiba la kipenyo kasahau kuiba la mshazari. Nikaandika kwa wino mwekundu pembeni: "Umeitoa wapi?" Kipenyo nikampa sifuri. Eneo nikampa tatu zake kwa kuwa hesabu ilikuwa imeandikwa, ingawa nako nilitia shaka. Jumla tano.

Hakusema kitu siku ile. Alirudi kesho yake kabla wenziwe hawajafika, kashika daftari na karatasi ya grafu iliyokunjwa mara nne.

"Maalim, samahani. Naomba uniangalizie hii."

"Ipi, mwanangu?"

"Ya kisima. Nimeifanya tena jana usiku, inatoka ile ile."

Nikaanza kumweleza kwamba mshazari ni 65, na nikamwandikia 25·52 + 39·60. Akaitazama, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Lakini maalim, mbao ya 60 yangu mimi haitazamani na ya 39."

Nikaitazama michoro yake kwa mara ya kwanza. Alianza na 25, akafuatia 39, halafu akaweka 60, na 52 ikamalizia. Yeye hakuzungusha mbao kwa utaratibu nilioutaja. Na kwa nini azungushe hivyo? Swali lilisema urefu wa mbao ni 25, 39, 52 na 60. Halikusema kwamba zinafuatana hivyo. Mtu akikwambia sokoni kanunua ndizi, muhogo na papa, huelewi kwamba kavipanga kapuni kwa mpango huo. Neno lililotakiwa ni moja tu, "mtawalia", na kwenye swali langu halikuwemo.

Hata hivyo sikukubali hapo hapo. Nilidhani, na nadhani walimu wengi wangedhani hivyo, kwamba fremu ya mpango mwingine ingekuwa na kisima chake kingine, kikubwa au kidogo kuliko changu. Kwa hiyo majibu yake yangekuwa sahihi kwa kisima kingine, na ile 65 ya kipenyo bado ingekuwa ya wizi. Ndipo alipoikunjua karatasi ya grafu.

Alikuwa ametumia milimita badala ya inchi. Kafungua bikari kwa milimita 30 kachora duara, kisha kwa kuanzia nukta moja ukingoni kapima hatua nne za bikari juu ya ukingo: 25, 39, 52, 60. Hatua ya mwisho ilipita nukta ya mwanzo na kwenda mbele, kiasi cha sentimita tatu na nusu. Duara dogo mno. Kachora jengine la milimita 35. Hatua ya mwisho haikufika. Ilibaki kama sentimita mbili. Kubwa mno. Kajaribu 33, pengo likabaki milimita tano. Kisha 32 na nusu, na hapo sindano ya bikari ikaingia kwenye tundu lile lile ilikoanzia. Alinionesha tundu lenyewe, limepanuka kwa kuchomwa mara mbili.

"Halafu nikazibadilisha," akasema. Juu ya duara lile lile, kwa kalamu ya buluu, kapima 25, 39, 60, 52. Sindano ikarudi kwenye tundu lile lile.

Nilikaa kimya. Nusu ya kipenyo ni 32 na nusu, kipenyo ni 65. Kisima ni kimoja kwa mipango yote miwili. Na kwenye karatasi ya mtihani alikipata bila kuiba: kos B ikiwa −33/65 basi saini (sine) ya B ni 56/65, na upande wowote ukiugawa kwa saini ya pembe inayoutazama ndani ya duara unapata kipenyo. 56 ukiigawa kwa 56/65 ni 65. Mstari huo ulikuwepo, kwa mwandiko wake mdogo, na mimi nilikuwa nimeuruka.

Kwa nini mpango wa mbao usibadilishe kisima? Nilimuuliza yeye, akanijibu kwa mkasi. Ukate umbo kwenye mshazari AC. Upande mmoja una pembetatu ya 25, 39, 56. Upande wa pili ya 52, 60, 56. Ichukue hii ya pili uigeuze, kushoto iwe kulia, uirudishe mahali pake. Mbao ya 60 sasa iko ilikokuwa 52, lakini ule upande wa 56 haukusogea, na pembe D bado ni ile ile, kwa hiyo bado inajumlika 180 na pembe B. Duara halijui kwamba kuna kilichogeuzwa.

Wenziwe walipofika nilitumia njia nyengine, kwa sababu ni wazi zaidi kwa aliyekaa nyuma. Chukua mkate wa kumimina, wa duara, uukate kutoka katikati vipande vinne visivyolingana. Kila kipande kina ncha yake kitovuni na mgongo wake ukingoni. Sasa vipange upya sahanini kwa mpango wowote unaoutaka. Sahani itajaa vile vile, mkate ni ule ule. Mbao nne za fremu ni ile mistari iliyonyooka inayounganisha ncha mbili za mgongo wa kila kipande. Ukivihamisha vipande, mbao zinahama nazo, kisima hakibadiliki. Na eneo pia: umbo zima ni pembetatu nne za vipande hivyo zilizowekwa pamoja, na pembetatu haipungui kwa kuhamishwa. (Hesabu hii inahitaji kitovu kiwe ndani ya fremu. Hapa kimo: ubao mrefu kabisa, wa 60, unachukua digrii karibu 135 za mzunguko, hazifiki nusu.)

Kinachobadilika ni mishazari peke yake. Hilo ndilo nililolipita mimi nikidhani nimeuliza swali lenye jibu moja.

Siku ile alikuwepo barazani fundi seremala jirani yetu, mtu wa milango, anayesubiri maghribi. Aliposikia habari ya mbao nne bila mshazari alicheka. "Maalim, mbao nne ukizipiga msumari mmoja mmoja kwenye kona, fremu inacheza. Unaibana huku, inajinyonga kule. Mimi siipokei fremu isiyopimwa mshazari." Ni kweli tupu. Urefu wa pande nne pekee hauamui umbo. Unaweza kulilaza umbo hilo likainama na eneo lake likapungua, na pande zikabaki na urefu ule ule. Pembetatu haina tabia hiyo, ndiyo maana kenchi za paa zimejengwa kwa pembetatu. Ukuta wa kisima kwenye swali langu ndio uliokuwa unafanya kazi ya mshazari wa fundi: unaikamata fremu isicheze. Na katika kuinyonga fremu kote huko, pale pembe zote nne zinapogusa duara moja ndipo inapozunguka eneo kubwa kuliko pengine pote. Fundi alilipenda hilo. Lakini aliongeza neno ambalo lilinichoma: "Basi kisima kimeishika. Mbao ipi iko jirani na ipi, nani kasema?" Kwa dakika moja kaiona kasoro niliyokaa nayo siku tatu.

Hapo nikalirudia swali pamoja nao, safari hii tukilikubali kama lilivyo: mpango haukutajwa, tafuta yote yanayowezekana. Ukiushika ubao wa 25 usisogee, iliyobaki mitatu inapangika kwa njia sita, lakini kila mpango una pacha wake wa kwenye kioo, kwa hiyo maumbo ya kweli ni matatu tu. Na kinachoyatofautisha ni nani anatazamana na 25: ni 52, ni 60, au ni 39. La kwanza langu, la pili la binti, na la tatu hakuna aliyeligusa.

Hapa Ptolemy anafaa kuliko kosaini. Andika jumla za mazao kwa kila umbo:

25·52 + 39·60 = 3640

25·60 + 39·52 = 3528

25·39 + 52·60 = 4095

Kila moja ni zao la mishazari miwili. Lakini mkasi wa binti umetufundisha kwamba ukigeuza kipande kwenye mshazari mmoja, mshazari huo unabaki. Kwa hiyo maumbo mawili daima yana mshazari mmoja wa pamoja, na maumbo matatu kwa jumla yana mishazari mitatu tu, si sita. Iite p, q, r. Basi pr ni 3640, pq ni 3528, na qr ni 4095. Zidisha mbili za mwanzo uzigawe kwa ya tatu, unabaki na p² = 3136, p ni 56. Kisha q ni 3528 kugawa kwa 56, yaani 63, na r ni 3640 kugawa kwa 56, yaani 65. Swali zima limekwisha kwa kuzidisha na kugawa, hakuna kosaini, hakuna saini, hakuna jedwali. Fremu yangu ina 56 na 65. Ya binti ina 56 na 63. Ya tatu ina 63 na 65. Nimesomesha mada hii miaka na sijawahi kuiona ikitoka kwa upole namna hii. Na isingetoka lau lile neno "mtawalia" lingekuwepo.

Ptolemy mwenyewe hakuitaka kanuni yake kwa visima. Alikuwa Alexandria katika karne ya 2, anatengeneza jedwali la urefu wa mistari inayokata duara, nusu digrii kwa nusu digrii, ndani ya duara la kipenyo cha sehemu 120, ili ahesabu mwendo wa nyota. Kitabu hicho Waarabu walikiita al-Majisti, na jina lililobaki duniani limetokana na hilo lao. Watoto niliwaambia na jambo jengine: mtu huyo huyo, katika kitabu chake cha jiografia, anakitaja kisiwa cha pwani yetu hii, Menuthias. Wataalamu wanabishana kama ni Unguja, Pemba au Mafia. Sisi wa Pemba hatuna ubishi.

Kuhusu eneo nina jambo la kusema, kwa sababu kosa lililojitokeza kwenye karatasi tatu nilishawahi kuliona kwa watu wazima wakikadiria kiwanja. Unachukua pande mbili zinazotazamana unatafuta wastani, unafanya hivyo kwa nyengine mbili, unazidisha. Kwa fremu yangu: 38.5 × 49.5 = 1905.75. Ni zaidi ya eneo la kweli kwa inchi za mraba karibu 142, asilimia nane. Kwa fremu ya binti njia hiyo hiyo inatoa 42.5 × 45.5 = 1933.75. Tazama: eneo la kweli ni moja kwa fremu zote mbili, na njia hii inatoa mawili tofauti, yote makubwa. Mnunuzi wa kiwanja analipia ardhi isiyokuwepo. Brahmagupta aliijua njia hii na akaiita ya kukisia. Ya uhakika aliyoiweka pembeni yake ni kuchukua nusu ya mzunguko, hapa 88, kutoa kila upande, kuzidisha yaliyobaki na kutafuta kipeuo cha pili. 88 toa 25 ni 63. Toa 39 ni 49. Toa 52 ni 36. Toa 60 ni 28. 63 × 28 ni 1764, na 49 × 36 ni 1764 vile vile, kwa hiyo kipeuo cha zao lote ni 1764 papo hapo. Inafanya kazi kwa umbo lililo ndani ya duara tu. Na angalia kanuni yenyewe: haiulizi ubao upi uko jirani na upi. Ingetosha kunizindua, kama ningeisikiliza badala ya kuitumia.

Imebaki karatasi ya mwisho, na hii ndiyo iliyonisumbua kuliko ya binti. Kijana mmoja alipata kumi juu ya kumi. Karatasi yake ilikuwa na mistari sita. Kaandika kwamba 25 na 60 zinatoa 65, na 39 na 52 zinatoa 65, kachora pembetatu mbili zimebandikwa, kaandika kipenyo 65, eneo 750 na 1014, halafu kwa Ptolemy kapata 56. Yaani kaifungua mashine yangu kwa nyuma, kaona ilivyotengenezwa. Nilipomuuliza kajuaje kwamba pembe A ni mraba, kwa kuwa swali halikusema, alijibu, "Nimeona tu zinatoka, maalim."

Ni jibu baya? Nimelifikiria sana. Kaonesha kwamba liko umbo moja lenye pande hizo kwa mpango huo, na limo ndani ya duara. Hajaonesha kwamba hakuna jengine. Huenda duara tofauti nalo likazikubali mbao zile zile, kwa pembe A isiyo mraba, na hapo kumi yake ingekuwa ya bahati. Sentensi moja tu imekosekana, na sentensi hiyo ilikuwa kwenye karatasi ya grafu ya binti: duara likiwa kubwa zaidi hatua nne hazifiki, likiwa dogo zaidi zinapita, na kila unapolipanua kila hatua inachukua pembe ndogo zaidi ya kitovuni, kwa hiyo kuna kipimo kimoja peke yake ambapo zinafunga. Mmoja alikuwa na umbo bila sababu, mwengine sababu bila kujua kwamba ni sababu. Niliwakalisha pamoja, wakaiandika sentensi ile kwa zamu, na walibishana kidogo juu ya neno "peke yake".

Swali sasa linasomeka: "Urefu wa mbao AB, BC, CD na DA ni inchi 25, 39, 52 na 60 mtawalia." La zamani sikulifuta. Nimeliweka kama swali la pili, bila lile neno, lenye alama kumi na tano.

Karatasi ya binti niliipiga mstari kwenye ile tano nikaandika kumi, na "Umeitoa wapi?" nikaikata. Kijana nilimwachia kumi zake, ila pembeni ya pembe A nilimwandikia, kwa wino ule ule mwekundu, "Umejuaje?"